Ubavu wa Kulia

Jumatatu, 2 Julai 2018

Kikombe kimeshushwa darini.

Nilikuwa nimelala chumbani nikasikia ngazi inaburutwa, makopo yanasogezwa huko juu, kisha yule mwanamke anashuka akihema. Nikajua tu. Kikombe kile kile cha stili na sahani yake, vyenye jina langu lililodonolewa kwa nukta dukani mwaka ule nilipougua TB. Vyombo vyote vya nyumba hii vina majina ya watu waliovileta harusini. Changu peke yake kina jina la mtu ambaye hakuna anayetaka kuchangia naye.

Amekisugua kwa majivu, akamimina chai, akakiacha kizingitini. Kizingitini! Kama maziwa ya paka wa jirani.

Mama mkwe wangu humu ndani nitamwita Inspekta. Sisi makondakta tunachukia watu wawili tu duniani: abiria anayetoa noti kubwa alfajiri, na inspekta anayepanda basi katikati ya njia kukagua tiketi. Huyu wangu alipanda siku ya harusi na hajashuka hadi leo.

Kisa chenyewe kifupi. Jana, basi la Sangli, nilikuwa napaza sauti watu wasogee nyuma. Nikasikia joto kifuani, halafu chumvi kooni, halafu kikohozi. Damu. Si ya kutia doa — ya kujaza kiganja. Abiria wakasogea nyuma bila kuambiwa tena. Depo wamesema nisionekane mpaka niwe na cheti cha daktari.

Binti yangu Revati amekatazwa kulala na mimi. Ana miaka sita, sasa analazwa godoro moja na bibi yake. Asubuhi kaja mlangoni kunipungia mkono kama anayemsindikiza msafiri. Nimelia sana. Nimeona heri niandike kuliko kurusha kikombe.

Alhamisi, 5 Julai

Daktari wa mtaani kwetu hana mashine. Ana stetoskopu na haraka. Hakunisikiliza hata nusu. Alisikia "niliwahi kuugua TB", akasikia "damu", basi, kalamu ikakimbia. TB imerudi. Vidonge vilevile, vikubwa kama maharage, mkojo utoke rangi ya chungwa, tumbo lipinduke.

Inspekta alikuwepo, anadaka kila neno la daktari. Njiani kurudi hakuniambia kitu, ila alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kutosha wauza mboga wasikie, kwamba yeye alisema tangu zamani: mwanamke anayesimama mchana kutwa kwenye basi, anavuta pumzi za watu wa wilaya nzima, atapona vipi? Aache lile basi. Akae nyumbani kama wenzake.

Baba Revati akasema "hm". Hata humu jina lake siandiki; nilivyolelewa, mkono unakataa. Yeye ni fundi wa mashine za kufumia nguo. Kelele za kiwandani zimemzoesha kunyamaza, na nyumbani anaendeleza mazoea.

Jumamosi, 7 Julai

Nimetapika mara tatu. Kikohozi tena, damu kidogo. Inspekta kamwaga majivu pale nilipotema, akafagia, akamwaga tena. Nikamwambia Mama, hiyo sakafu haijafanya kosa. Akasema sakafu haina ulimi, ndiyo maana anaipenda.

Jumanne, 10 Julai

SINA TB!

Nimemlazimisha Baba Revati anipeleke Kolhapur, hospitali kubwa. Nilimwambia asiponipeleka nitapanda basi la wenzangu nikohoe mpaka Kolhapur. Ijumaa walichukua makohozi na kunipiga picha za kifua, leo tumerudi kwa majibu. Daktari ni mwanamke mfupi, Daktari Nimkar, mkali kama pilipili ya Kolhapur yenyewe. Nimempenda papo hapo.

Makohozi safi. Mdudu hayupo. Nikamwomba arudie kwa sauti, maana Baba Revati alikuwa anatazama feni.

Halafu akanieleza, na mimi naandika kabla sijasahau. Mapafu yanapata damu kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo kubwa, inakwenda kuchukua hewa, inapita polepole, haina msukumo. Ya pili ni vijishipa vidogo vinavyotoka kwenye mshipa mkuu wa mwili. Kazi yake ni moja tu, kulisha kuta za vijia vya hewa. Hakuna anayevikumbuka. Hata madaktari wanapovisoma, kasema, wanavipita haraka. Nikaiwaza kantini ya depo: haitajwi mpaka siku chai imekosekana.

Sasa, TB yangu ilipona lakini iliacha kovu upande wa kulia. Vijia vya hewa vimetanuka, vimelegea, havikauki. Vile vijishipa vikaona kuna mgonjwa wa kulisha, vikalisha, vikalisha, vikanenepa, vikajipindapinda, ukuta mwembamba na msukumo ni ule ule wa mwili mzima. Siku vikishindwa, vinapasukia ndani ya njia ya hewa. Ndiyo ile chumvi.

Basi ninachokohoa si ugonjwa uliorudi. Ni mwili wangu unajitahidi kupita kiasi! Nilicheka. Daktari hakucheka.

Kasema mtu wa namna yangu hafi kwa kuishiwa damu, anakufa kwa kuzama. Inajaa upande mbovu, inamwagikia upande mzima, basi. Kwa hiyo damu ikija nilalie ubavu wa kulia, mbovu chini, mzima juu upumue. Akanilaza pale kitandani akanionyesha. Akamwita Baba Revati aone.

Vidonge niache leo leo. Dawa yenyewe ni hii: wanapitisha mpira mwembamba kama uzi kwenye nyonga, wanaupandisha mpaka kwenye ule mshipa, wanauziba kwa chembechembe. Mchana mmoja tu. Hakuna kisu.

Lakini kuna lakini. Kwa baadhi ya watu, mshipa ule ule una kijitawi kinachokwenda kulisha uti wa mgongo. Chembe zikiingia huko, miguu inakufa. Hutokea mara chache, kasema, lakini hutokea, na yeye hafichi. Anataka saini yangu, na saini ya mtu wa nyumbani.

Mimi nilisaini hapo hapo. Baba Revati akasema tutashauriana.

Jumatano, 11 Julai

Tumeshauriana. Yaani Inspekta amesema na ukuta umesikiliza.

TB, kasema, haihitaji kupingwa na kimama cha Kolhapur. Daktari wetu aliiona kwa masikio yake. Nikamwambia Mama, lile ni kovu, hakuna mdudu, hata Revati hawezi kuambukizwa. Akauliza kama kovu linatema damu. Nikaanza kueleza vijishipa. Nilieleza vizuri, haki ya Mungu — nilieleza kama ninavyotangaza vituo. Akangoja nimalize, akasema:

"Miguu ikifa, nani atamwosha?"

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mwanawe. Na mwanawe, bwana wangu, akatazama vidole vyake vyenye grisi, akasema kwamba dawa za mtaani si mbaya, tuzimalize kwanza.

Nawachukia wote wawili. Baba Revati nitamsamehe, Inspekta hapana.

Jumapili, 15 Julai

Leo nimecheka mpaka nikaogopa damu itakuja.

Kila asubuhi Inspekta ananiletea vidonge na maji, anasimama juu yangu mpaka nimeze. Nafunga kidonge chini ya ulimi, nanywa maji, natoka uani kama mtu anayetafuta jua, nakizika kwenye chungu cha mrehani. Ule mrehani anaouabudu, anaouzunguka na taa kila alfajiri.

Leo mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi nasikia anaita majirani. Anaita kwa sauti nyembamba, ya kulia. Natoka, nakuta wamesimama wanawake wanne, mikono imefumbatwa, na udongo wa chungu umegeuka mwekundu kama poda ya ndoa tunayojipaka kipajini. Muujiza! Mungu wa kike kaja nyumbani wiki ya kuelekea mfungo wa Ekadashi! Mama Shalan wa nyumba ya pili alishachovya kidole, akajipaka kipajini.

Nilikuwa tayari kunyamaza, niwe mkwe wa mtakatifu. Lakini Inspekta, macho yake ni macho ya inspekta. Aliinama, akakwangua, akaibuka na ganda la kidonge.

Alilishika juu watu wote walione. Halafu akawaaga kwa adabu, mmoja mmoja. Mama Shalan alijifuta kipaji kwa upindo wa sari.

Jioni hakunipa chakula, alikiacha kizingitini bila kugonga. Aliongea na Revati: kwamba kuna watu wanafundishwa dawa na hawanywi, wanafundishwa mungu na wanamlisha sumu. Nikajibu kupitia Revati vilevile: kwamba kuna watu wanaambiwa na daktari wa kweli na hawasikii, kwa sababu masikio wameyatoboa kwa ajili ya hereni tu. Mtoto akatutazama huyu na huyu, akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Ijumaa, 20 Julai

Mabasi ya Pandharpur yanapita barabara kuu tangu alfajiri. Mahujaji wanaimba, matoazi, bendera za zafarani madirishani. Kila mwaka mimi ndiye wa safari hizo. Sauti yangu inapita matoazi. Mwaka huu nimelala nasikiliza honi, na najua kwa honi tu dereva ni nani.

Inspekta kasimama mlangoni kwangu. Nilidhani atasema neno jema. Akasema mwaka jana nilimletea ubani wa Pandharpur, na ulikuwa wa bei rahisi.

Jumatano, 25 Julai

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Niko Kolhapur, wodini, na wa kulia umelaliwa na mimi mwenyewe. Mtu akija kuusoma atadhani kuku ametembea. Lakini lazima niandike, la sivyo nitapasuka pengine.

Juzi, Ekadashi. Nyumba nzima tumefunga. Mchana tukala vile tu vinavyoruhusiwa siku ya mfungo, sago na karanga, na ndizi. Mimi kizingitini, wao ndani. Baada ya mlo Inspekta akajinyoosha ubavu wa kushoto, kama kila siku ya maisha yake. Kwao ni amri: ukishakula mchana, kushoto, chakula kikae vizuri. Kulia analala maiti. Wiki mbili nzima ananiona nimelalia kulia, namweleza ni agizo la daktari, na wiki mbili nzima anaguna.

Ikaja. Si kama ya kwenye basi. Ilikuja kwa wingi, mdomoni na puani. Nikajitupa ubavu wa kulia kama nilivyofundishwa, nikajishika na ukingo wa mkeka. Nilikuwa napata hewa. Kidogo, lakini napata.

Halafu mikono yake.

Alinishika bega na nyonga akanipindua kushoto. Alikuwa anamwita mungu wa Pandharpur, "Vithoba, Vithoba", anasema geuka, geuka, umekula sasa hivi. Aliniwekea goti mgongoni nisirudi. Anasugua. Na mimi naisikia damu inahama. Nasikia inavuka, moto, kutoka huku kwenda huku, na upande mzima unajaa kama ndoo. Sikuwa na sauti. Mimi! Sauti inayopita matoazi! Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele ya uso wangu, unanifuta. Nikauma.

Niliuma kwa nguvu zote nilizobakiza. Kidole gumba. Nilisikia mfupa. Akapiga yowe akaniachia, nikabiringika kulia, nikakohoa donge, hewa ikapita.

Nikiwa nimelala pale nilimwona amekaa sakafuni, sari imejaa damu, yangu na yake, anatazama mkono. Baba Revati alikuwa kiwandani. Ni Inspekta aliyetoka nje kuita gari. Kasimama katikati ya barabara kuu, na mkono ule unachuruzika, akasimamisha basi la mahujaji. Hilo nimeambiwa na kondakta mwenzangu aliyekuwemo. Alidhani ni kichaa. Wakanibeba mimi, matoazi yakanyamaza.

Wamenipa damu ya watu wengine na dawa za kuzuia. Imetulia. Daktari Nimkar aliuliza nani alinigeuza. Nilifungua mdomo kusema. Nilikuwa na maneno ya miaka tisa, yote yamepangwa. Inspekta akatangulia. Akasema ni yeye.

Sikupenda. Aliniibia hata hilo.

Muuguzi alipomfunga bendeji akamuuliza aliumwa na nini.

"Mbwa," kasema. "Wa nyumbani."

Wakamchoma na sindano ya kichaa cha mbwa.

Alhamisi, 26 Julai

Baba Revati alisaini jana, hakusoma. Leo asubuhi wakaniingiza.

Unakuwa macho. Unalazwa chali, unaona runinga juu ya kichwa chako. Wakasukuma dawa ya kuonyesha njia, joto likanipanda mpaka masikioni, na mshipa wangu ukatokea. Mungu wangu. Nilitegemea uzi. Ule ulikuwa mnene, umejinyonganyonga kama mzizi uliokosa pa kwenda, na mwisho wake moshi mweusi, matawi juu ya matawi. Yote hayo nimeyalisha mimi bila kujua.

Daktari Nimkar akaisogelea runinga. Akanyoosha kidole kwenye kijistari kimoja, chembamba, kinapanda kimenyooka, kinakata kona ghafla na kushuka. Nikauliza ni kile cha uti wa mgongo? Akasema ndicho.

Akauchomoa mpira. Hakuziba kitu.

Jioni akaja kueleza. Kuna mpira mwingine, mwembamba zaidi, ambao anaweza kuupitisha ndani ya huu, auvushe pale panapoanza kile kijitawi, azibe huko mbele. Akifika mbele ya kutosha, miguu inabaki. Asipofika, au chembe zikirudi nyuma, haibaki. Asipofanya kabisa, damu itakuja tena, na hawezi kuniambia kwamba mtu atanigeuza kulia kwa wakati. Alisema hivyo bila kumtazama mtu, lakini Inspekta aliinamisha kichwa.

Fomu mpya. Hii imeandikwa miguu waziwazi. Baba Revati aliisoma kwa sauti mpaka kufika pale, akaikunja. Kasema hawezi. Nikamuuliza hawezi nini? Kusaini au kunitazama? Kasema mke anayekohoa ni mke. Nikamwambia mke aliyezama ni picha ukutani, na ataning'inizwa na shada la plastiki, kwa sababu nawajua. Akatoka. Amerudi nyumbani Ichalkaranji kumwona Revati. Amekimbia, basi.

Ijumaa, 27 Julai

Haniachi! Nikijigeuza chali, mkono wa Inspekta huo, bega langu linasukumwa kulia. Nikipumzisha sikio, mkono. Nikiwa usingizini, mkono. Ananigeuza kama mkate wa mtama kwenye kikaango. Sikio la kulia halisikii tena, nyonga inawaka. Nimemwambia Mama, sikohoi sasa, naweza kulala nitakavyo.

"Mimi sikusoma," kasema. "Lakini nikishaambiwa, nimeambiwa."

Uliambiwa wiki mbili nzima, we mwanamke!

Ndivyo nilivyomjibu, kwa maneno hayo hayo. Wodi nzima ikageuka. Akasema aliyeambiwa wiki mbili nzima na mtu anayezika dawa kwenye mrehani ataamini lipi? Nikageukia ukuta. Kulia.

Jumamosi, 28 Julai

Asubuhi aliniletea chai. Katika haraka ya Ekadashi alinyakua kikombe kimoja tu nyumbani, na ndicho hicho chenye nukta. Nikanywa nusu, ikanishinda. Akakichukua akaimalizia. Pale pale, mdomo palepale nilipoweka wangu. Akasema hospitali hii inaogopa sukari.

Nilimtazama. Usinifanyie hivyo, nilitaka kumwambia. Nimekuchukia vizuri muda wote huu, nina utaratibu wangu, usinivurugie.

Baba Revati amepiga simu kwa muuguzi. Haji leo. Kesho labda. Daktari Nimkar kakasirika, amesema mpira ule mwembamba umeletwa, chumba kipo, watu wapo, na kesho si ahadi ya mtu. Mtu mwingine wa nyumbani anatosha.

Kisha wote tukamtazama Inspekta.

Hajui kuandika. Atatia kidole. Karani akaja na fomu na pedi ya wino, akasema wanawake ni gumba la kulia. Yeye akainua mkono wa kulia wenye bendeji, mnene kama mpira wa kriketi. Karani akasema basi tutumie lingine, ataandika maelezo pembeni. Inspekta akasema hapana, kama sheria ni la kulia ni la kulia, asije mtu akasema baadaye karatasi ilikuwa na dosari. Akaanza kuifungua bendeji kwa meno.

Hajawahi kunihurumia kwa maumivu yangu na sikumhurumia kwa yake. Lakini lilipotoka gumba nililitazama pembeni. Limevimba, la zambarau, na meno yangu yamejipanga pale, ya juu na ya chini. Mtu angeweza kunitambua kwayo.

Karani akamsomea yote. Akafika kwenye miguu, akasoma polepole. Inspekta akamwambia asome tena. Akasoma tena. Akalibonyeza gumba kwenye wino, sikuona hata akikunja uso, akalileta juu ya karatasi. Likasimama hapo.

Ananitazama mimi, si karatasi.

"Sema kwanza," kasema. "Ukitoka humo, unarudi kwenye basi lako. Mimi kushinda nyumba moja na wewe mchana kutwa siwezi tena."

Miaka tisa aache basi, aache basi! Leo ndiyo anasema hili, na gumba liko hewani.

Nimemwambia angoje, ninaandika. Kaguna. Kitanda cha magurudumu kimeshafika mlangoni, Daktari Nimkar amevaa kofia yake ya kijani, karani anahamisha uzito mguu huu na ule. Wanangoja kondakta amalize kuandika. Wananichukia wote, na wana haki.

Naahidi vipi kwa miguu ambayo huenda jioni isiwe yangu? Nikisema ndiyo, na isitembee, nitakuwa nimemdanganya, naye ndiye atakayeniosha. Nikisema sijui, atashusha mkono. Namjua. Inspekta hakubali tiketi iliyochanika.

Kuna joto kifuani, upande ule. Dogo. Na chumvi, kama ncha ya kijiko. Sijamwambia mtu. Wakijua, atalibandika gumba mara moja bila kungoja jibu, na mimi nataka anisikie nikimjibu. Naifunga kalamu